Maiki Iliyosikia Bila Umeme

Maiki ilisikia kabla haijapewa umeme, na hapo ndipo Redio alipojua kwamba wameibiwa.

Alikuwa amemkalisha mama yake kwenye kiti cha jikoni, katikati ya chumba cha kulala alichokigeuza studio. Magodoro mawili yalisimamishwa ukutani, mablanketi yalipigiliwa misumari kwenye dirisha, na zulia la sebuleni lilikuwa limeletwa huko kumeza mwangwi wa sakafu. Maiki mpya ilining'inia mbele ya uso wa mama, nyeusi, nene kama chupa ya soda, na nembo ya rangi ya dhahabu kifuani. Redio alivaa hedifoni, akachomeka waya, akawasha kompyuta. Kidole chake kilikuwa bado hakijafika kwenye kitufe chekundu cha kupeleka umeme kwenye maiki, mama akakohoa.

Kikohozi kikamwingia Redio masikioni.

"Kohoa tena," alisema.

"Nikohoe tena? Nimekuja kurekodi au kupimwa kifua?"

Maneno hayo nayo yalisikika yote, mepesi, ya mbali, kama mtu anayeongea akiwa ameingiza kichwa kwenye ndoo. Redio alikitazama kile kitufe. Kilikuwa hakijabonyezwa. Akavua hedifoni polepole na kuziweka mezani, maana alijua akizivua haraka atazitupa.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya sauti anajua kwamba maiki ya kondensa ni kiziwi mpaka ipate umeme. Ukiichomeka hivi hivi haisikii kitu, hata ukiipigia kelele. Ukibonyeza kitufe ndipo inafungua masikio, na ikishafungua inasikia mpaka mate yanavyomezwa. Hii iliyosikia bila umeme haikuwa kondensa hata kidogo. Ilikuwa maiki ya kuimbia kwenye sherehe, iliyovalishwa suti.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Hakuna kitu, Mama. Kaa kimya kidogo, tunza sauti."

"Umenuna mpaka masikio yamesimama, halafu unaniambia hakuna kitu."

Redio ni jina alilopewa na mama huyo huyo tangu utotoni, kwa sababu alikuwa haongei kwa zamu; ukimwasha asubuhi, hazimi mpaka alale. Ukubwani mdomo ulimpa kazi. Alirekodi matangazo ya maduka na masomo ya shule chumbani kwake, na alijulikana kwa kazi safi. Maiki yake ya zamani ilianguka kwenye sakafu ya saruji ikafa, naye akawa anajikokota kutafuta nyingine ya bei anayoiweza. Angeendelea kujikokota kama si koo la mama.

Madaktari walisema uvimbe umekaa kwenye kisanduku chenyewe cha sauti. Wakikitoa, mama ataishi. Sauti haitabaki. Upasuaji ulipangwa Jumatatu, na Jumapili jioni alitakiwa awe wodini. Mama alisikiliza maneno hayo mikono imetulia juu ya mkoba wake, kisha akamwuliza daktari kama amekula, maana alionekana amechoka. Mwanamke huyo alikuwa mtangazaji wa stesheni kuu ya treni mpaka alipostaafu. Nusu ya mji ule ilimjua kwa sauti bila kumjua kwa sura. Watu walikimbilia treni kwa sauti yake, walipoteza watoto wakawapata kwa sauti yake.

Palikuwa na mtaalamu wa usemi hapo hospitali, dada mmoja mpole, ndiye aliyewapa mwanya wa kupumulia. Alisema kuna programu inayojifunza sauti ya mtu. Mama arekodi sentensi nyingi kabla ya upasuaji, wazipeleke, na baadaye akiandika neno kwenye simu, simu italisema kwa sauti inayofanana na yake.

"Lakini rekodi iwe safi," alionya. "Ikiwa na kelele, programu itajifunza kelele. Na tangu leo mama asipige makelele, wala asinong'one. Kunong'ona nako kunaliumiza koo. Aongee kawaida, tena kidogo."

Hapo ndipo alipoingia Dili. Dili alikuwa mdogo wake Redio wa kiume, kijana mzuri wa sura na maneno, ambaye tangu amalize shule hajawahi kununua kitu dukani kama watu wengine. Yeye kila kitu alikipata kwa jamaa yake fulani. "Dada, niachie mimi," alisema. "Wewe shughulika na hospitali. Yupo jamaa yangu, Injinia, ana maiki za kondensa, za kweli kabisa, anatoa mbili kwa bei ya moja. Moja ya Mama, moja ya kazi zako." Redio alikuwa na foleni za vipimo, za damu na za picha, akampa pesa yote aliyokuwa ameitenga. Dili akaleta maiki mbili kwenye maboksi yanayong'aa, akashukuriwa, akala, akaondoka.

Sasa Redio alichukua bisibisi.

Hakuwa na subira ya kuifungua kwa adabu. Alifungua skrubu mbili, ya tatu ikagoma, akaing'oa. Ndani, pale ambapo pangekuwa na utando mwembamba wa dhahabu, palikuwa na kichwa kidogo cha plastiki, ukubwa wa kizibo, kimefungwa kwa gundi. Chini yake palibandikwa pande la chuma lenye kutu. Akafungua na ya pili. Pande la chuma lingine.

Mama alikuwa amesogeza kiti ili aone vizuri. "Hicho chuma kinafanya kazi gani?"

"Kuwa kizito. Ukiishika mkononi uamini umenunua kitu."

"Kumbe kama bosi wangu wa mwisho."

Wakati mwingine Redio angecheka mpaka akae chini. Safari hii alihisi damu imepanda mpaka kwenye mboni za macho. Akapiga simu.

"Dada yangu!" Dili aliitika kwa furaha. "Vipi, Mama anarekodi?"

"Maiki zako feki."

"Feki kivipi? Si zinasikia?"

"Zinasikia, ndiyo tatizo lenyewe!"

"Sasa Dada, maiki isiposikia unalalamika, ikisikia unalalamika..."

"Dili, nimezifungua. Nina chuma mkononi hapa. Duka la huyo Injinia wako liko wapi?"

Dili akaanza kusema kwamba labda ni bahati mbaya ya mzigo, kwamba yeye mwenyewe atalishughulikia wiki ijayo, kwamba kwenda dukani leo Jumamosi hakuna maana. Redio alirudia swali lile lile mara tatu kwa sauti ile ile, mpaka akaelekezwa.

Alipogeuka, mama alikuwa ameshavaa viatu.

"Wewe huendi popote."

"Nitakaa hapa nikitazama magodoro? Twende. Sitasema neno."

"Mama, mtaalamu alisema..."

Mama alijipitisha kidole midomoni kama anayefunga zipu, akatangulia mlangoni.

Duka lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la maduka ya vifaa vya umeme, kwenye ujia mwembamba wenye vibanda pande zote mbili, spika zikishindana kupiga muziki, nyaya zikining'inia kama nguo zilizoanikwa. Ngazi zilimchosha mama. Alipumzika kwenye kila kituo cha ngazi, mkono kifuani, na kila alipopumzika hasira ya Redio ilipata muda wa kukua.

Injinia alikuwa mtu nadhifu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakosa mkunjo hata mmoja, kalamu tatu mfukoni. Alimwamkia mama kwa heshima, akavuta kigoda na kumpa akae. Mama aliitikia kwa kichwa. Redio alimimina maiki zilizofumuliwa juu ya kioo cha meza, vyuma na vyote.

"Nilinunua kondensa mbili. Nieleze hivi ni nini."

Injinia alivitazama vile vitu kwa masikitiko, kama mtu anayeonyeshwa ajali. "Aisee. Nani amezifungua?"

"Mimi."

"Basi hapo ndipo tulipokosana, dada. Ukishafungua, umevunja garantii."

"Garantii ya nini? Ya kipande cha chuma?"

"Dada, tusipandishiane. Bidhaa ikishatoka dukani na ikafunguliwa, mimi siwezi kujua ndani kulikuwa na nini. Huenda mtu amebadilisha."

Redio aliinama mezani mpaka uso wake ukawa karibu na zile kalamu tatu. Alimweleza, polepole, kwamba Jumatatu mama yake huyu aliyekaa hapa anatolewa kisanduku cha sauti, na kwamba kesho ndiyo siku pekee iliyobaki ya kumrekodi. Kwamba hakuja kudai pesa. Anataka maiki moja tu ya kweli, moja, itakayosikia inavyotakiwa. Akiwa anasema alisikia sauti yake mwenyewe inatetemeka, na hilo nalo likamkasirisha, kwa sababu hakutaka mtu huyu adhani ni machozi.

Injinia alimtazama mama, akamtazama Redio. Inaonekana kwa dakika moja alikuwa na aibu. Kisha akachagua kujikosha.

"Sikia, dada. Mimi sikumdanganya mtu. Ndugu yako nilimwekea zote hapa hapa mezani, za kweli na hizi. Nikamwambia hizi ni za maonyesho tu, za kuweka dukani au za kupigia video. Yeye ndiye aliyechagua hizi. Akasema dada yake hatatambua, na kilichobaki kwenye pesa yako tukagawana. Kamwulize yeye."

Ujia ulikuwa na kelele, lakini Redio hakusikia hata moja. Alimwona Dili akila mezani kwao siku ile, akiongeza sahani ya pili, akimwambia mama, "Kula, Mama, upate nguvu." Alijua kwamba Dili ana mkono mwepesi. Aliwahi kumkopa Redio, akamdanganya, akauza baiskeli ya watu. Lakini siku zote lilikuwa jambo la mtu mwingine, halikumgusa Mama.

Aligeuka kumtazama mama, akitumaini hakusikia. Mama alikuwa ameshasimama.

"Mama, hapana," alisema Redio.

Mama alijinyoosha mgongo. Alitoka kwenye kibanda mpaka katikati ya ujia, akaweka miguu sawa, akavuta pumzi kwa tumbo. Redio aliijua pumzi hiyo. Aliisikia kila siku utotoni mwake alipokuwa akimsubiri mama chini ya meza ya chumba cha matangazo.

"Tafadhali sikilizeni. Tafadhali sikilizeni." Sauti ilitoka nzima, pana, bila haraka, ikapita juu ya spika zote kana kwamba hazipo. "Wateja wote mlioko ghorofa ya pili mnaombwa kusikiliza. Duka namba kumi na nne, mbele yangu hapa, linauza maiki za chuma cha kutu. Mwenye duka amekiri mwenyewe sasa hivi kwamba anajua. Mteja yeyote aliyenunua kitu hapa anaombwa akifungue kabla hajafika nyumbani. Narudia. Duka namba kumi na nne."

Mtu mmoja alizima muziki. Mwingine akazima. Vichwa vilichungulia kutoka kwenye vibanda. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama na boksi la spika mkononi alisema, "Huyu si yule mama wa stesheni?" na neno hilo likatembea ujia mzima. Kijana aliyekuwa ndani ya duka la Injinia akipima hedifoni alizirudisha mezani, akazifuta kidogo kwa shati, akatoka.

"Mama, shusha sauti, tutazungumza," Injinia alisihi, ametoka nyuma ya meza, mikono juu.

"Narudia," mama alisema, na safari hii sauti ilipasuka katikati, kama kitambaa kinachochanwa. Alimeza mate, akaisukuma tena. "Narudia. Mimi Jumatatu sitakuwa na sauti. Leo ninayo. Nitasimama hapa mpaka jengo lifungwe."

Haikufika hapo. Wenye maduka ya jirani walianza kumfokea Injinia, si kwa uchungu wa mama bali kwa sababu wateja wao nao walikuwa wanaelekea ngazini. Injinia aliingia chini ya meza, akatoka na boksi lisilong'aa, pembe zimebonyea. Ndani palikuwa na maiki ya kijivu, ndogo, ya kawaida kabisa kuitazama.

"Hii ni ya kweli. Chukua. Mwambie anyamaze."

"Nitaijaribu hapa hapa."

Redio aliichomeka kwenye kisanduku cha kuunganishia maiki kilichokuwa mezani, akavaa hedifoni, akaigonga. Kimya. Akaongea karibu nayo. Kimya, kiziwi. Ndipo akabonyeza kitufe cha umeme, na jengo zima likaingia masikioni mwake: viatu ngazini, feni ya duka la tatu, kalamu za Injinia zikigongana mfukoni, na nyuma yake, karibu sana, pumzi ya mama ikikwaruza.

Aliing'oa maiki, akaitia kwenye mkoba. Hakuaga.

Walipofika chini mama alijaribu kusema kitu, hakikutoka kitu. Midomo ilisogea tu. Alijaribu tena, ukatoka mlio mkavu kama mlango uliokosa mafuta. Alimtazama binti yake kwa mshangao mdogo, kama mtu aliyepapasa mfuko na kukuta ufunguo haupo.

Redio alivumilia mpaka wakaingia ndani na mlango ukafungwa. Hapo alilipuka.

"Nilikuambia nini? Nilikuambia ukae nyumbani! Nilikuambia usiseme! Sauti iliyokuwa imebaki ni ya siku moja, Mama, siku moja tu, na umekwenda kummwagia mwizi wa mtaani! Sasa hiyo maiki ya kweli nitairekodia nini? Nitarekodi magodoro?"

Mama alikaa. Alifungua mdomo.

"Usinong'one! Mtaalamu alisema usinong'one!"

Mama akafunga mdomo. Hilo ndilo lililomchoma Redio kuliko yote. Katika maisha yake yote hajawahi kugombana na mama yake asijibiwe. Kila neno lake lilikuwa linarudishwa likiwa na nyongeza. Sasa alikuwa anampigia kelele mwanamke asiyejibu, na hakuweza kuacha, maana akiacha chumba kitakuwa kimya, na kimya hicho ndicho walichokuwa wanakiendea. Alimlaumu kwa Injinia. Akamlaumu kwa Dili, kwa kumdekeza, kwa kumfichia makosa, kwa ile baiskeli. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alinyanyuka, akajipiga kifua kwa kiganja mara moja, akimaanisha sauti ni yangu, akaenda kulala.

Redio aliosha vyombo vyote, hata visafi, akivibamiza.

Jumapili asubuhi sauti ilikuwa imerudi, lakini si ile. Ilikuwa ya chini, yenye mchanga, ikikatika kwenye maneno marefu. Mama alijaribu kusema "Umeamkaje?" wakatazamana.

"Itafaa," alisema mama.

"Itabidi ifae," Redio alijibu. Hasira ilikuwa imelala naye na kuamka naye.

Walikuwa hata hawajaanza Dili alipobisha hodi. Redio alifungua mlango kiasi cha uso wake tu. Dili hakuwa na maneno yake mazuri. Alikuwa amevaa shati la jana.

"Injinia amenipigia," alisema.

"Bila shaka. Mna hesabu za kumalizia."

"Dada, nisikilize. Nilidhani hutaona tofauti. Nilidhani... sauti ni sauti tu. Mama atarekodi, simu itaongea, nani atajua? Nilikuwa nimebanwa, kuna watu wananidai..."

"Alikuwa ni Mama, Dili."

"Najua."

"Hujui. Kama ingekuwa tangazo la duka la sabuni ningekuita mwizi, ningekutukana, yangekwisha. Alikuwa ni Mama."

Alitaka kumpiga. Mkono wenyewe ulikuwa umeshajikunja. Lakini uani kwa jirani mashine ya kusagia chuma ililia ghafla, na ndani, kwenye kompyuta, mistari ya sauti iliruka mpaka juu. Maiki ya kweli ilikuwa inasikia kila kitu. Fundi wa kuchomelea milango alikuwa na oda, na oda haijui Jumapili.

"Unataka kufanya kitu?" alisema Redio. "Nenda kamnyamazishe fundi. Na wale wanaocheza mpira ukutani. Na redio ya jirani. Mpaka nitakapokuambia. Ndani huingii."

Akafunga mlango.

Aliyoyafanya Dili, Redio aliyaona kwa vipande, akipitisha jicho pembeni mwa blanketi. Alimwona akimsihi fundi, fundi akitikisa kichwa. Akamwona amechuchumaa juani na msasa, akisugua kutu ya geti kwa mkono, ili mashine isiwashwe. Alisugua mpaka shati likamganda mgongoni. Alipoanza mtu mwingine kupiga nyundo, aliinuka, akaenda, akarudi kusugua. Vidole vilimtoka damu, akavifunga kwa kitambaa. Hasira ya Redio haikupungua hata chembe. Ila chumba kilikuwa kimya.

Mama alisoma sentensi za mtaalamu. Alishika karatasi mbali na macho kama alivyoshika ratiba za treni.

"'Leo kuna mawingu mepesi upande wa magharibi.' Haya nitamwambia nani?"

"Ni ya sauti tu, Mama. Programu inataka herufi zote. Endelea."

"'Jirani yangu amenunua sufuria kubwa.' Anijulishe mimi ya nini? Aliandika nani mambo haya?"

"Mama."

"'Nafurahi sana kukutana nawe.'" Alisita. "Hii nitaihitaji."

Walikwenda hivyo, sentensi kwa sentensi, wakipumzika, maji ya uvuguvugu, sentensi tena. Redio alikuwa mkali. Alimrudisha mama alipomeza neno, alimrudisha kikohozi kilipoingia, na mama, ambaye aliwahi kufundisha watangazaji wa stesheni nzima, alirudia bila kubisha. Baadaye aliweka karatasi chini akaanza kusema ya kwake: vua viatu kabla hujaingia, hicho kijiko si cha hapo, umekonda, unakula kweli, mimi sijalala, nimefumba macho tu. Redio hakumkatiza. Kwenye hedifoni mama alikuwa karibu kuliko alivyowahi kuwa, kila mkwaruzo, kila pumzi, na Redio alilazimika kuuma meno ili kilio chake kisiingie kwenye rekodi.

Sauti ilipoanza kufifia kabisa walikuwa wamepita nusu kidogo.

"Ya mwisho," mama alisema. "Ya Dili."

"Sitaki."

"Sikukuuliza. Mwanangu akiiba bado ni mwanangu. Washa."

Redio aliwasha. Mama alisogea kwenye maiki, akaongea kama anayeongea na mtu aliyekaa mbele yake.

"Dili. Ninakupenda. Ulichofanya sijakusamehe. Nikiwa tayari nitakuambia, usiniulize kila siku." Akafikiri. "Basi. Zima."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Madaktari walisema wametoa kila kilichotakiwa kutolewa, na mama alirudi nyumbani na tundu dogo shingoni, lililofunikwa kwa kitambaa safi, na simu mkononi. Sauti ilitumwa kutoka kwa watengenezaji wa programu wiki kadhaa baadaye. Mtaalamu wa usemi aliifungua mbele yao, akawa na wasiwasi.

"Ina mkwaruzo kidogo," alisema. "Rekodi zenyewe zilikuwa hivyo. Samahani."

Ilikuwa sauti ya chini, yenye mchanga, kali, ya mtu aliyetoka kugombana. Haikuwa sauti ya stesheni. Sauti ile ya stesheni, pana, isiyo na haraka, ilisikika mara ya mwisho kwenye ujia wa maduka, mbele ya Injinia, na hakuna maiki iliyokuwa imewashwa. Redio alitoka nje ya chumba cha mtaalamu, akasimama kwenye korido akiwa ameuma ngumi. Aliporudi, mama alikuwa anaandika kwa kidole kimoja.

"Ni yangu," simu ikasema.

Duka namba kumi na nne halikufungwa. Injinia alibadilisha kibao cha mlangoni, akaendelea. Redio alirekodi somo fupi la jinsi ya kuitambua kondensa ya uongo, akalisambaza kwenye simu za watu bila kutaja duka, na kila alipopita ujia ule alisimama mbele ya kile kibanda kwa muda, akiwatazama wateja machoni, mpaka Injinia ageuke. Haikumtuliza. Alifanya hivyo hivyo tu.

Na Dili alianza kuja kila Jumamosi. Alileta dawa, alileta unga, alirekebisha bomba la jikoni lililokuwa linavuja tangu mwaka juzi. Ujumbe wake alishausikia, mama alimchezea mara moja, na hakuwahi kuuliza. Redio akiwa pale, Dili alikaa nje kwenye ngazi mpaka aitwe.

Jumamosi moja alibisha mlango wakati Redio anamenya viazi. Hakuna aliyenyanyuka. Mama alichukua simu, akaandika kwa utaratibu.

"Mfungulie mdogo wako," ile sauti yenye mchanga ikasema.

"Ana mikono, na mlango una kitasa."

Mama akaandika tena, safari hii kwa haraka zaidi, akakosea, akafuta. "Nimekuomba wewe."

Redio alibamiza kisu mezani. Alifuta mikono kwenye gauni, akaenda, akafungua. Dili alikuwa amesimama na mfuko wa maembe mabichi, macho chini. Redio hakumsalimia. Alisogea pembeni kidogo, kiasi cha mtu mmoja kupita, akarudi kwenye viazi vyake.